Mkiani mwa Kitenzi

Wauzaji wa vitabu vikuukuu katikati ya Nairobi hutandaza mali yao chini, juu ya gunia au turubai, na mnunuzi husoma migongo ya vitabu akiwa amejikunja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kando ya Tom Mboya Street, baina ya vitabu vya kudurusia KCSE na Biblia zilizopoteza majalada, niliokota kitabu cha sarufi ya Kirusi kilichopigwa chapa Moscow enzi za Muungano wa Kisovieti. Karatasi zake zimekuwa manjano na uzi wa mshono umelegea, ila ukurasa mmoja umechakaa kuliko zote, nao ni ukurasa wa kitenzi cha kusoma: chitayu, chitayesh, chitayet, chitayem, chitayete, chitayut. Pembeni, kwa penseli, mkono wenye subira umeandika: ninasoma, unasoma, anasoma, tunasoma, mnasoma, wanasoma. Kisha umepiga mistari. Upande wa Kirusi mistari iko chini ya herufi za mwisho. Upande wa Kiswahili iko chini ya herufi za mwanzo. Hakuna maelezo mengine. Aliyekuwa na kitabu hiki kabla yangu aliona jambo moja akalitia alama, na alama hiyo imenishika, nikiwa kwenye foleni ya benki, nikiwa jikoni nangoja maji yachemke.

Kitenzi cha Kiswahili hakimruhusu mtu aingie kimyakimya. Kabla hujajua kama kuna kula, kulia au kukimbia, umekwisha kujua ni nani. Ni, u, a, tu, m, wa: mtenda hupiga hodi kwanza, akajitaja, ndipo wakati ukafuata, ndipo kitendo chenyewe kikaingia. Hata kiti, mti na maji hujitaja kwa namna zao: kimevunjika, umeanguka, yamemwagika. Kirusi kinaanza na kitendo. Ukisikia chita- umeshajua kuna kusoma, lakini anayesoma ni nani? Huna budi kungoja neno liishe. Mimi ni -yu, wewe ni -yesh, wao ni -yut, na silabi hizo katika mazungumzo ya haraka hupita upesi kama hukutega sikio. Liko kundi la pili la vitenzi lenye irabu zake: govoryu, govorish, govorit, govoryat, nasema, unasema, anasema, wanasema. Na humo kundini vimo vitenzi ambavyo shina lake hubadilika katika nafsi ya kwanza umoja peke yake. Kupenda ni lyubit. Wewe ni lyubish, yeye ni lyubit, sisi ni lyubim. Ila kupenda kukiwa kwangu mimi, l nyingine huzuka ghafla pasipo na l kwa mtu mwingine yeyote: lyublyu. Wengine huhesabu hayo kuwa usumbufu wa kukariri. Mimi naona kuna ukweli ndani yake, kwamba kitendo kinachotazamwa kwa wengine ni shwari, na kikifika kwangu kinagutuka.

Mambo haya hayajifunzwi kwa kuyaelewa. Kuyaelewa ni kazi ya jioni moja. Kuyajua ni kuyarudia hadi ulimi uache kuuliza ruhusa. Darasa langu ni matatu ya 46, inapotoka mjini na kupanda Valley Road, ikapita Hurlingham na Yaya kuelekea Kawangware. Si mbali na njia hiyo iko Lenana Road, ulipo ubalozi wa Urusi, na mara nyingi huwa nimemaliza jedwali moja tukifika usawa huo. Ndani ya gari watu huongea, na nikiwa na mikia ya vitenzi masikioni nilianza kusikia mikia ya kwetu. “Mimi hushukianga hapa.” “Huyo hukujanga jioni.” “Tulikuwa tunacheza-nga hapo kabla hawajajenga.” Shuleni, -nga hiyo hutiwa kalamu nyekundu, kwa kuwa Kiswahili sanifu kina hu- yake ya mazoea na hakihitaji kingine. Lakini -nga imetoka mbali. Waluhya waliileta kutoka kwa lugha zao, Wakikuyu wanayo -aga yao yenye kazi ile ile, na katika mitaa ya magharibi ya jiji, Kangemi, Kawangware, Riruta, watu wa lugha hizo wameishi ukuta kwa ukuta kwa muda mrefu kiasi kwamba kiambishi hicho hakiulizwi tena kabila lake. Kinachosemwa nacho ni kwamba kitendo kina mazoea, kinarudiwa, mwisho wake hautajwi.

Na hapo ndipo nilipoelewa nusu ya sarufi ya Kirusi ambayo kitabu kilikuwa kinanifafanulia bila mafanikio. Kirusi hakiridhiki kukuuliza kitendo kilifanyika lini. Kinataka kujua kwanza kama kilikuwa kikiendelea au kurudiwa, au kama kilifika mwisho wake, na kwa sababu hiyo karibu kila kitendo kina vitenzi viwili vinavyotembea pamoja. Chitat ni kusoma tu, prochitat ni kusoma mpaka mwisho. Pisat ni kuandika, napisat ni kuandika kikamalizika. Ukisema jana ulikuwa chitat, hujaahidi kwamba ukurasa wa mwisho uliuona. Kutangulia si kufika, wahenga walisema, na Warusi wameliingiza jambo hilo ndani ya kitenzi chenyewe, hata mtoto anayeomba maziwa hana budi kulichagua. Abiria wa 46 nao huchagua. Nairobi ilikwisha kuliweka swali hilo mkiani mwa kitenzi bila idhini ya kitabu chochote, na nadhani walimu wetu, kabla ya kuchukua kalamu nyekundu, wangefaa wamwambie mtoto ni kitu gani cha thamani amekibeba kinywani.

Mwenye penseli simjui, ila kizazi kilichopita kwenye majedwali haya kinajulikana. Mwaka 1959 ndege iliyopangwa na Tom Mboya iliwachukua wanafunzi 81 kwenda Marekani, na jina la Mboya leo limeandikwa kwenye barabara niliponunulia kitabu. Njia ya Mashariki haikuwa na picha za magazeti. Vijana waliosafiri kwa juhudi za Jaramogi Oginga Odinga, kuanzia mwaka 1960 hivi, wengi walipita Uganda na Sudan hadi Cairo, kisha kutoka huko wakagawanyika kwenda miji ya Muungano wa Kisovieti na nchi rafiki zake. Moscow ilikuwa imefungua Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa mwaka huo huo wa 1960, na mwaka uliofuata, Patrice Lumumba alipokwisha kuuawa Katanga, chuo kikapewa jina lake. Mwaka wa kwanza haukuwa wa udaktari wala uhandisi. Ulikuwa wa lugha, katika kitivo cha maandalizi, asubuhi hadi jioni, kwa sababu baada ya hapo anatomia na hesabu na udongo wa kilimo vingefundishwa kwa Kirusi bila kusubiri mtu. Nawafikiria katika majira yale ya kwanza ya theluji: kijana aliyelelewa katika Kijaluo au Kikuyu, akasoma katika Kiingereza, akapenya mpakani kwa Kiswahili, sasa anapiga chitayu, chitayesh, chitayet. Na wakati uo huo, Leningrad, Warusi walikuwa wakihangaika upande wa pili. Dmitri Olderogge alikuwa akifundisha Kiswahili huko tangu miaka ya 1930, na mwaka 1961 kamusi ya Kiswahili-Kirusi ikatoka chini ya uhariri wake. Wanafunzi wake walizoea kungoja mkia. Ikawabidi wajifunze kutazama mlangoni.

Haikuwa hadithi ya urafiki mtupu, na sipendi inaposimuliwa hivyo. Mwaka 1965 wanafunzi 29 wa Kenya waliondoka Baku wakarudi nyumbani wakilalamikia jinsi walivyotendewa. Zaidi ya mwaka mmoja kabla yao, Desemba 1963, wanafunzi wa Kiafrika walikuwa wameandamana Moscow baada ya Mghana mmoja kukutwa amekufa. Unaweza kuijua lugha ya watu barabara, na nafsi zake zote sita, na bado mtu wa mtaani akakuita kwa jina lisilo lako. Hayo nayo yalikuwa sehemu ya masomo.

Kirusi kinapokwenda wakati uliopita, nafsi hupotea. Chital: mimi nilisoma, wewe ulisoma, yeye alisoma, yote ni neno moja. Linalobaki ni jinsia na idadi. Mwanamume ni chital, mwanamke ni chitala, wengi ni chitali. Wanaisimu wanaeleza kwamba umbo hilo zamani lilisimama pamoja na kitenzi cha kuwa, na ni hicho kitenzi cha kuwa kilichobeba nafsi. Karne zikapita, kikadondoka, kikabaki kivuli chake kisichojua ni nani. Kwa Mswahili hili ni geni pande mbili. Kwanza, lugha yake haijawahi kumtaka aseme kama aliyesoma ni mwanamume au mwanamke. Alisoma ni alisoma. Pili, hajazoea kumpoteza mtu kwa sababu tu siku zimepita. Lakini yaliyowapata wale vijana waliporudi yalifuata sarufi ya Kirusi. Walikwenda mmoja mmoja, kila mtu na jina na kijiji na barua za mama. Waliporudi wakawa chitali, wale waliosoma Mashariki, kundi lisilo na nafsi. Taasisi ya Lumumba iliyofunguliwa Nairobi Desemba 1964 ilifungwa mwaka uliofuata. Odinga alijiuzulu umakamu wa rais mwaka 1966 akaunda chama cha KPU, na tangu hapo cheti chenye maandishi ya Kirusi kilimfanya mtu aangaliwe mara mbili. Wengi walikuta shahada zao zinatiliwa shaka na milango ya ajira ni mizito.

Hapa ndipo Kiswahili kinaponisaidia kusema ninachokiona. Kitenzi cha Kirusi kilichokamilika hakina leo. Prochital ni jana. Prochitayu, ingawa mkia wake ni ule ule wa nasoma, ni kesho, nitasoma nimalize. Katikati hamna kitu. Kwa Mrusi kitendo kilichofika mwisho hakiwezi kuwa kinatendeka sasa, na kwa mantiki yao ni sawa kabisa. Sisi tuna -me-. Amelala, amesimama, amevaa, amechoka: kitendo kimekwisha na bado kiko hapa, kimegeuka kuwa hali ya mtu, kinatembea naye. Amesoma hatumaanishi kwamba alifungua kitabu akakifunga. Tunamaanisha huyu tunayemwona, anayevuka barabara sasa hivi, ana elimu ndani yake. Sijui lugha nyingi, ila katika ninazozijua sijaona heshima kubwa kuliko hiyo kwa jambo lililokamilika. Na nchi yetu, ikiwa na -me- mkononi, iliwanyima watu wake. Walisoma, ilisema. Walisoma huko, mbali, zamani. Kumbe walikuwa wamesoma, na miongoni mwao walitoka madaktari, wahandisi na wahadhiri ambao Kenya imewategemea miaka mingi bila kutaja wao wenyewe walitoka wapi.

Kisumu kuna hospitali ambayo watu mpaka leo huiita Russia, japo jina lake rasmi sasa ni la Jaramogi Oginga Odinga. Ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Kenyatta alikwenda kuifungua, yeye na Odinga wakajibizana hadharani, na msafara ulipokuwa unaondoka risasi zikawapiga watu waliojaa kando ya barabara. Siku chache baadaye KPU ilipigwa marufuku na Odinga akawekwa kizuizini. Kitabu chake cha maisha yake kilikuwa kimetoka miaka miwili kabla, mwaka 1967, na jina lake la Kiingereza, Not Yet Uhuru, linakaa sawasawa ndani ya kiambishi chetu -ja-: hatujapata, hatujafika. Kusema hajasoma ni tofauti na kusema hakusoma. Hakusoma ni mlango uliofungwa. Hajasoma ni mtu anayengojwa bado.

Kando kidogo: Ngũgĩ wa Thiong'o alimalizia riwaya ya Petals of Blood huko Yalta, mwaka 1975, akiwa mgeni wa Umoja wa Waandishi wa Kisovieti. Napenda kukumbuka hilo nikifika kwenye napisat, kuandika kikamalizika. Na napenda pia kukumbuka kitenzi kimoja ambacho walimu wa Kirusi hukitaja kwa sauti ya pekee, pobedit, kushinda. Kina wewe utashinda, kina yeye atashinda, kina pobedim, tutashinda. Nafsi ya kwanza umoja hakina. Umbo lenyewe lina sauti isiyokubalika masikioni, wanasema, na anayetaka kusema nitashinda huzunguka kwa maneno mengine. Taifa lililopoteza mamilioni ya watu vitani, linaloadhimisha ushindi wake kila tarehe 9 Mei, halina neno moja la mimi nitashinda.

Vita vya sasa vimewafikia vijana wetu. Novemba 2025 serikali ya Kenya ilisema inaaminika Wakenya zaidi ya 200 wamejiunga na upande wa Urusi katika vita vya Ukraine. Wengi walikuwa wameahidiwa kazi za kawaida, udereva, ulinzi, kazi za viwandani, na baadhi ya waliorudi wameeleza kwamba walitia saini mikataba iliyoandikwa kwa Kirusi wasichoweza kukisoma. Nimelifikiria hili kwa uchungu kuliko mengine yote. Ahadi ni deni, na deni hilo liliandikwa kwa lugha inayomficha mdaiwa mwishoni mwa neno. Liko neno obyazuyus, najifunga, nakubali wajibu. Mzoefu wa Kiswahili angelitazama mwanzoni amtafute anayejifunga, asione kitu. Nafsi iko karibu na mwisho: -yu- ndiyo mimi, na ile s inayofuata inakirudisha kitendo kwa mwenyewe. Nikibadilisha mkia, obyazuyetsya, anayefungwa ni yeye, ule upande mwingine. Obyazuyutsya, ni wao. Mtu aliyejifunza jedwali moja tu, hata asipojua msamiati wote, angeweza kupitisha kidole kwenye karatasi na kuuliza: humu ndani, ni mara ngapi mimi nafungwa, na wao ni mara ngapi? Wale vijana wa 1960 walipewa mwaka mzima wa lugha kabla ya kukabidhiwa kitabu cha kwanza cha taaluma. Hawa wa leo walipewa kalamu.

Kuna vitenzi vingine ambavyo nimevichelewesha makusudi, vya mwendo, maana ndivyo vigumu kuliko vyote na ndivyo vinavyoniuma. Kirusi hakina kwenda kumoja. Kuna kwenda kwa miguu na kwenda kwa chombo. Kuna kwenda upande mmoja na kwenda kwa kuzunguka au kwa kurudi. Yezdil v Moskvu: alikwenda Moscow, na kwa kawaida msikilizaji ataelewa kwamba alirudi. Uyekhal: ameondoka, hayupo. Viambishi vidogo vinavyowekwa mbele ya mwendo, u-, pri-, v-, vy-, ndivyo vinavyoeleza kama mtu ameondoka, amefika, ameingia, ametoka. Zipo nyumba nchini ambako wazazi wangetoa chochote kujua ni kitenzi gani kati ya hivyo kinachomhusu mtoto wao, na ninapovikariri kwenye 46 siwezi tena kuvifanya mazoezi matupu.

Ningepewa darasa la watu wanaosafiri mwezi ujao, nisingeanza na salamu, ingawa kila kitabu huanza nazo. Ningewafundisha mkia wa mimi, -yu na -yus, mpaka waweze kujitambua popote walipoandikwa. Halafu ningewaandikia ubaoni, kwa herufi za Kirusi zenyewe, kuingia kwa gari na kutoka kwa gari: въехать, выехать. Yanatofautiana kwa herufi moja, ya pili. Katika kutoka, herufi hiyo ni irabu inayosikika. Katika kuingia haina sauti yake yenyewe, na kinywa cha mtu aliyekuja kukuajiri kinaweza kuipita upesi usiitambue, kwa hiyo darasa hilo ningelifundisha kwa karatasi na penseli, kila mtu aiandike mwenyewe.